Mkwawa Hakuwa na Simu

Kamwene, ndugu zangu. Kamwene wazee wetu mliokaa mbele, kamwene kina mama, kamwene vijana mliosimama huko mlangoni. Mimi ni mtu wa Tukuyu, lakini Iringa imenilea vya kutosha kujua kwamba hapa mtu haanzi kusema kabla hajasalimia.

Jana jioni tulikaa humu humu tukatazama Enemy of the State, filamu ya Marekani ya mwaka 1998 iliyoongozwa na Tony Scott. Mara ya kwanza niliiona Mwanjelwa, Mbeya, kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, kijana mwenye kipaza sauti akitutafsiria. Wakati ule tulishangilia magari yanavyogongana na stelingi anavyochomoka. Jana sikushangilia. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani nimeshika viatu vyangu mkononi, nikaona mhadhara wa leo nianzie kwenye viatu.

Robert Dean, anayeigizwa na Will Smith, ni wakili tu, mwenye mke na mtoto, ameingia dukani kutafuta zawadi ya Krismasi. Anakutana na mtu wanayefahamiana tangu chuoni, anayekimbia roho mkononi, naye anamtumbukizia kitu kwenye mfuko bila kumwambia. Kitu hicho kina picha za video zinazoonyesha mbunge akiuawa kando ya ziwa, kazi ya ofisa mkubwa wa NSA, shirika la usalama la Marekani, kwa sababu mbunge huyo alikataa kuunga mkono sheria ya kuwaongezea wapelelezi nguvu. Kamera iliyonasa mauaji ilitegwa pale kwa ajili ya kuchunguza ndege wa majini. Dean hajui lolote kati ya hayo. Tangu saa hiyo nguo zake, saa yake, kalamu yake na viatu vyake, vilivyotegwa vifaa vya siri na wapelelezi, vinasema alipo, na anapokuja kuelezwa na mzee Brill, jasusi wa zamani anayeigizwa na Gene Hackman, inambidi avivue kimoja kimoja huku anawindwa.

Nimejiuliza kwa nini kukimbia kwa mtu huyu kunaniuma kuliko kukimbia kwingine kote nilikokuona kwenye filamu. Jibu nililipata nilipomweka karibu na mtu aliyewindwa hapa kwetu.

Wote mnalijua jiwe la Gangilonga. Jina lenyewe ni jiwe linaloongea. Wazee wanasimulia kwamba Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa akiketi pale, na kwamba ndipo alipopata habari kuwa Wajerumani wanamjia. Ukisimama juu yake mji mzima uko chini yako. Mwenye kukaa pale hahitaji setilaiti. Agosti 1891 alilivunja jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo. Oktoba 1894 wakarudi na mizinga, wakaingia ngome ya Kalenga, naye akatoka. Kuanzia hapo hadi Julai 1898 akawa mtu wa kukimbia. Tom von Prince alikuwa na boma hapa Iringa, alikuwa na askari na bunduki, na serikali yake ilitangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mtwa. Rupia 5,000 wakati ule! Karibu miaka minne hawakumpata.

Misitu ilimficha, ndiyo, na mapango. Lakini msitu haupiki ugali. Mtu hawezi kuishi miaka minne porini bila mwenzake kumletea chakula na kumwambia leo usipite bonde lile. Kila alikopita yupo aliyemwona, na askari walipokuja kuuliza, yule aliyemwona akasema hajaona mtu. Mashamba yalichomwa, watu waliuawa, na vinywa vikaendelea kufungwa. Hata mwisho wake ulipitia kinywani: kijana aliyekuwa akimtumikia alikamatwa na kuhojiwa, ndipo njia ya Mlambalasi ikajulikana. Mtwa akajipiga risasi kabla hawajamgusa. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likaja kurudi Kalenga mwaka 1954.

Sasa mtazameni Dean. Hakuna kijiji kinachoulizwa habari zake. Hakuna mama anayesimama mlangoni akiamua moyoni kama atasema au atanyamaza. Kadi ya benki haina moyo wa kunyamaza, na kiatu hakihitaji kutishwa ndipo kiseme. Mkwawa alizungukwa na watu ambao kila mmoja alikuwa na nafasi ya kumwokoa, na wengi waliitumia. Dean amezungukwa na vitu ambavyo kazi yake ni kusema, na hilo ndilo linaloniuma. Ile nafasi ya mtu kuamua kumfichia mwenzake imeondolewa kimya kimya, bila hata kugombaniwa.

Vijana wawili walinifuata jana nje wakauliza kama mambo yale ni kweli au ni muvi. Lile la setilaiti kumfuata mtu juu ya mapaa dakika baada ya dakika limetiwa chumvi. Setilaiti zinazopiga picha za karibu huzunguka chini, kilomita mia kadhaa juu yetu, na kila sekunde hukimbia zaidi ya kilomita 7. Ikipita juu ya Iringa inapita, haisimami kukusubiri utoke dukani. Zile zinazoonekana kama zimesimama mahali pamoja ziko karibu kilomita 36,000 juu, na kutoka huko mtu haonekani.

Lililo la kweli ni dogo, na liko mfukoni mwenu sasa hivi. Simu yako, hata kama hujampigia mtu, inajitambulisha kwenye mnara ulio karibu, ili ukipigiwa mtandao ujue wa kukutafutia wapi. Ukipanda basi pale Ipogolo kwenda Mbeya, simu inaagana na mnara huu na kupokewa na ule, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, mpaka unaiona minara juu ya Loleza na kujua umefika. Mjini, minara ikiwa mingi, inajulikana uko mtaa gani. Milimani kule Makete mnara mmoja unahudumia vijiji vingi, kwa hiyo unajulikana kwa kukadiria tu. Kumbukumbu ambazo kampuni ya simu huweka hazina maneno uliyosema. Zina namba yako, namba ya mwenzako, saa, muda mliozungumza na mnara. Mtu akisema "si maneno, ni namba tu", mwambie anipe namba ulizopigia mwezi mzima nami nitakutajia nani unampenda, nani anakudai na hospitali gani unatibiwa. Juni 2013, miaka 15 baada ya filamu hii, Edward Snowden, aliyekuwa akiifanyia NSA kazi kwa mkataba, alitoa nyaraka zilizoonyesha kwamba ilikuwa inakusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani wasioshukiwa kosa lolote. Filamu ilikosea kwenye setilaiti. Kwenye tabia ya wenye mamlaka haikukosea.

Sisemi kwamba zamani hatukuangaliwa. Waliokulia ujamaa wanamkumbuka balozi wa nyumba kumi. Alijua nani amelala kwako usiku, mgeni wako anatoka wapi, na mwanao ameacha shule lini. Watu walimlalamikia sana, na mabalozi wengine walistahili lawama hizo. Lakini balozi naye ulimjua. Ulijua deni lake dukani, ulikaa naye kwenye ulanzi, mlizika pamoja. Akikusema vibaya ulimwendea mbele ya wazee ukamwuliza. Na alikuwa na kitu ambacho kamera haina: alijua habari yako tangu mwanzo. Kuna sehemu kwenye filamu mke wa Dean anaonyeshwa picha za mumewe akiwa na mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wake. Picha ni za kweli kabisa. Wamekutana kweli, kwa sababu za kazi. Ila zimepangwa kusema uongo, na mke anamfukuza nyumbani, kazi inaota mbawa, kadi za benki zinakatwa. Mtu anabomolewa kwa vipande vya ukweli. Balozi mwenye akili angesema, ngojeni kwanza, huyu kijana namjua.

Naomba niwaambie la nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo yuko Tukuyu, analima chai kidogo na ndizi. Siku moja alikwenda kwa wakala kutoa pesa niliyomtumia. Wakala akaandika daftarini kama ilivyo kawaida: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, saini. Daftari limefunguliwa mezani, aliyekuja nyuma yake anasoma, na wa baada yake anasoma. Kesho yake akapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, anamwita kwa majina yake matatu, anamtajia kiasi alichotoa jana mpaka saa aliyotoa, anasema kuna kosa kwenye muamala na asaidie kulirekebisha. Angekataaje? Mtu anayejua yote hayo, si lazima awe wa ofisini? Alifuata maelekezo, ikaondoka shilingi 80,000, pesa ya mbolea.

Pesa tulimrudishia. Kilichofuata ndicho hatukuweza kumrudishia. Aliogopa simu. Ikiita anaitazama kama nyoka. Alibadilisha laini, akampa mjukuu akae nayo, kwa miezi ikawa nikitaka kuzungumza naye lazima nimpigie jirani. Mama wa miaka 60 na zaidi, hajawahi kuiba hata hindi, anajificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Jana Dean alipokuwa anakimbia, mimi nilikuwa namwona mama mdogo.

Kwa sheria tumesogea, na ni haki kulisema. Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo tume ya kuisimamia ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko. Wengi hapa mlisimama foleni za NIDA mwishoni mwa 2019 ili laini zisifungwe, mkatoa alama za vidole. Mimi nilitoa na sijutii, maana mwizi naye anatafutwa kwa njia hiyo hiyo. Ninachodai ni kwamba aliyepokea kidole changu aogope kukipoteza kama mimi ninavyoogopa. Na sheria iliyoko Dodoma haijafika kwenye ile meza ya wakala.

Brill kwenye filamu anajificha ndani ya chumba alichokizungushia wavu wa shaba, mawimbi yasiingie wala kutoka. Vijana walipenda sana sehemu ile. Mimi ilinihuzunisha. Ni mzee anayeishi ndani ya tundu na paka wake, na hakuna binadamu anayejua kama amekula. Mkwawa kwenye mapango hakuwa peke yake hivyo.

Mwezi uliopita nilimwendea wakala ninayemtumia huku Kihesa. Nikamweleza habari ya mama mdogo, sikumlaumu, nikamwuliza tu kama ukurasa unaweza kufunikwa. Alinyamaza kidogo. Kisha akachukua boksi la sabuni, akalikata kwa wembe, akalitoboa mstari mmoja mrefu katikati, akaliweka juu ya daftari. Sasa ukienda kwake unaona mstari wako tu, unasaini, analisogeza chini kwa mteja anayefuata. Juzi nilipita, nikakuta na wakala wa kibanda cha pili anakata lake.

Nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono, tuanze na kina mama.