Kozi ya Jumla Imsomeshe Asiyerudi

Ndugu wakuu wa idara na wahadhiri wenzangu,

Kozi ya elimu ya jumla humsomesha mtu ambaye hatarudi tena kwenye fani yako. Mhandisi atasoma historia mhula mmoja, basi. Wa sheria atakutana na takwimu mara moja tu. Kosa kubwa tunalolifanya ni kuichukua kozi ya utangulizi ya idara, ile inayomwandaa mwanafunzi kwa mwaka wa pili, tukaibandika jina la elimu ya jumla. Utangulizi hujaa istilahi na kanuni kwa sababu zitahitajika mbele. Huyu wetu hana huko mbele. Tunamwachia msingi wa nyumba isiyojengwa.

Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, kilipoanzisha kozi yake ya ustaarabu wa kisasa mwaka 1919, wanafunzi walisoma kitu kimoja kwa pamoja. Kwingineko hutumika mgawanyo: mwanafunzi huchagua kozi moja ya sayansi, moja ya sanaa, moja ya jamii. Mgawanyo ni rahisi kuuendesha, ila ni mgumu kuutetea. Orodha ya kozi za kuchagua huvimba, maana kila idara inataka wanafunzi, hasa pale bajeti inapofuata idadi yao.

Tuchukue kozi ya takwimu ya wiki 15, saa 3 kwa wiki. Wengi huanza na wastani, wakaja kwenye kanuni, na wiki zikawaishia hapo. Anza na kazi ya mwisho. Mpe mwanafunzi taarifa inayodai kwamba dawa fulani imepunguza hatari kwa nusu, kisha muulize: kutoka wangapi hadi wangapi? Kutoka 2 kati ya 10,000 hadi 1 ni nusu. Kutoka 2,000 hadi 1,000 pia ni nusu. Sasa rudi nyuma: ili alione hilo anahitaji nini? Uwiano na tofauti, sampuli, matokeo yanayotokea kwa bahati tu, kundi la kulinganisha. Mambo manne, kila moja wiki tatu, na wiki tatu zinabaki za kuandika na kurudia. Uthibitisho wa kanuni uache. Najua inauma kuuacha, lakini kozi za jumla hufa kwa kujazwa kupita kiasi.

Upimaji ndipo mipango mingi inapovunjika. Tuseme insha mbili za maneno 600, ya kwanza ikiandikwa upya baada ya mrejesho. Hiyo ni mizunguko mitatu ya kusahihisha. Kwa wanafunzi 200, dakika 15 kila karatasi, unapata saa 150. Mhadhiri mmoja hazimudu, kwa hiyo katikati ya mhula anakimbilia maswali ya kuchagua jibu, na mwanafunzi anarudi kukariri. Wahadhiri wasaidizi watano, kila mmoja na wanafunzi 40, watasahihisha saa 30 kila mmoja. Saa hizo ziingie kwenye bajeti kabla seneti ya chuo haijapitisha kozi. Baadaye hakuna atakayezitoa.

Wala msizirundike kozi zote za jumla mwaka wa kwanza. Bakizeni angalau moja ya mwaka wa tatu, mwanafunzi akiwa na fani ya kulinganisha nayo: hapo ndipo wa uhandisi na wa sheria wanapobishana kwa hoja. Na kabla ya kupeleka kozi kwenye kamati, mpeni mwenzenu wa idara nyingine mtihani wa mwisho ausome. Akikuta maswali yanayodai istilahi tu, irudisheni mezani.