Sabuni Ipo, Mkono Hauendi

BARAKA: Karibu tena msikilizaji. Mimi ni Baraka, na niko na dada Zuhura, ambaye kabla ya kipindi hiki alikuwa bibi afya wa kata kwa miaka mingi. Dada, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Leo ni kunawa mikono. Sina nia ya kumfundisha mtu kunawa, maana hilo tumefundishwa tangu chekechea. Nataka tutazame kwa nini mtu anayejua yote hayo, na sabuni anayo ndani, anatoka chooni na kwenda moja kwa moja kwenye sufuria.

BARAKA: Si uvivu tu?

ZUHURA: Sisi kwenye ripoti tulikuwa tunaandika "mwamko mdogo", halafu tunaomba fedha za vipeperushi vingine. Sasa chukua Ghana, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti, akiwemo Val Curtis wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, waliwauliza akina mama kama wananawa kwa sabuni wakitoka chooni. Wengi walisema ndiyo. Kisha watafiti wakaenda kukaa majumbani na kutazama kwa macho yao. Walionawa kwa sabuni hawakufika 5 katika kila 100.

BARAKA: Yaani waliwadanganya watafiti.

ZUHURA: Hapana, na hapa naomba twende polepole. Mama yule alijibu kwa dhati kabisa. Ukimuuliza mtu habari za afya, anakujibu kwa kile anachokiamini na vile anavyotaka kuwa. Lakini asubuhi mtoto analia, chai inafurika, mkono wake hauongozwi na jibu lile. Unaongozwa na mazoea, na kile jicho linachokiona, na harufu kama ipo, na sabuni kama iko karibu. Hayo yote yanapita bila yeye kuyafikiria.

BARAKA: Na sabuni walikuwa nayo kweli?

ZUHURA: Karibu kila nyumba. Ilikuwa ya kufulia, ya vyombo, ya kuogea. Mkono unaoonekana msafi haukuhesabiwa kuwa kazi ya sabuni.

BARAKA: Kuna msikilizaji atasema hayo ni ya kwetu huku, kwenye shida ya maji.

ZUHURA: Basi twende Uingereza. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwenye vyoo vya kituo cha mapumziko cha barabara kuu. Maji ya bomba yapo, sabuni ipo, wote wamesoma. Vihisi vilihesabu wanaoingia na wanaotumia sabuni. Wanaume walionawa kwa sabuni walikuwa asilimia 32, wanawake asilimia 64.

BARAKA: Wanaume asilimia 32? Tena watu wa safari, wanaenda kula!

ZUHURA: Ndiyo. Sasa usikie sehemu ninayoipenda. Mlangoni waliweka ujumbe wa aina mbalimbali, wakawa wanaubadilisha. Mmojawapo uliofanya vizuri zaidi ulikuwa swali tu: je, mtu aliye pembeni yako ananawa kwa sabuni? Hapo hujatajiwa kijidudu wala kuhara. Unakumbushwa tu kwamba kuna macho ya watu.

BARAKA: Kwa hiyo aibu ndiyo inafanya kazi.

ZUHURA: Kuna aibu, kuna kutaka kuwa kama wenzako. Na kuna kinyaa, ambacho Curtis alikitafiti kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2020. Ghana waligundua mama ananawa vizuri sana mkono ukinuka au ukinata. Hakuna anayehitaji kumwambia. Tatizo choo kikiwa safi hakimpi kinyaa, kwa hiyo mkono hauna cha kumstua. Wakatengeneza tangazo la televisheni: mama anatoka chooni, mikononi ana doa la zambarau, anaanza kuandaa chakula, na doa linahamia kwenye chakula cha watoto. Ugonjwa haukutajwa. Kunawa kukapanda, hasa kabla ya kula.

BARAKA: Hapo dada nina neno. Kinyaa kina miguu, hakikai pale ulipokiweka. Wakati wa kipindupindu hapa mjini, ule wa 2015, watu hawakuona kinyaa na maji machafu tu. Waliona kinyaa na mtaa mzima. Mtu akisema anatoka sehemu fulani, wenzake wanasogea. Na zamani zile za mabango ya UKIMWI yenye mafuvu, nani alikimbilia kupima?

ZUHURA: Ni kweli, na sitakubishia. Mabango yale yaliwaumiza watu, na wengine walijificha na ugonjwa mpaka mwisho. Mimi msimamo wangu ni kwamba kinyaa kiwe kwa doa. Siku tangazo likimwonyesha mtu fulani kuwa ndiye mchafu, liondolewe, hata kama takwimu zinapanda.

BARAKA: Ila nani ataliondoa kama takwimu zinapanda?

ZUHURA: Ndiyo maana napendelea njia nyingine inapowezekana. India, jimbo la Andhra Pradesh, walimtumia mama wa kubuni aliyeitwa SuperAmma. Ni mama anayemlea mwanawe kwa adabu njema, na kunawa ni sehemu ya adabu hiyo. Hofu haikuwa na nafasi. Kabla ya kampeni, walionawa kwa sabuni nyakati zinazotakiwa walikuwa asilimia 1 tu. Baada ya miezi 6 walikuwa asilimia 37, na vijiji visivyopata kampeni vilikuwa asilimia 6. Upendo wa mzazi ulikuwepo siku zote. Walichofanya ni kuuunganisha na sabuni.

BARAKA: Na hapa kwetu Tanzania tulikuwa na kampeni ya vyoo bora, "Nyumba ni Choo".

ZUHURA: Tangu mwishoni mwa 2017, na msanii Mrisho Mpoto akiwa balozi. Mtu anajenga nyumba ya bati zuri, vioo, vigae, halafu nyuma kuna choo cha magunia. Kampeni ikagusa fahari yake: nyumba yako haijawa ya kisasa. Wengi wetu wataalamu tulizoea kuhubiri minyoo na kuhara. Lakini anayejenga anawaza wageni, wakwe, heshima. Kwa nini tusianzie hapo alipo?

BARAKA: Na zile ndoo za korona? Kila duka, kila kituo cha daladala, ndoo yenye koki na sabuni. Zimekwenda wapi?

ZUHURA: Hofu ilipopoa, maji yakaacha kujazwa. Hofu inamsukuma mtu haraka, lakini inachoka. Kinachobaki ni mazingira yanayomkumbusha bila kelele. Bangladesh, kwenye shule mbili za msingi za kijijini, walijenga njia ya kutoka chooni hadi pa kunawia, wakachora nyayo za rangi juu yake na viganja kwenye sehemu ya kunawia. Somo la afya halikuongezwa. Kunawa kwa sabuni kulitoka asilimia 4 hadi 68 siku iliyofuata, na wiki 6 baadaye kulikuwa asilimia 74.

BARAKA: Rangi tu?

ZUHURA: Rangi, na maji na sabuni vikiwepo. Hilo nalisisitiza. Ukichora nyayo zinazoelekea kwenye kibuyu chirizi kikavu, yaani kidumu cha kunawia kinachoning'inizwa, umewadharau watoto.

BARAKA: Walimu watakuambia sabuni ya kipande inaibiwa siku hiyo hiyo.

ZUHURA: Inaibiwa, ni kweli. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, weka sabuni ya unga kidogo, jaza maji, tikisa. Toboa kifuniko kwa msumari wa moto, ifunge kwa kamba kwenye nguzo pale pale pa kunawia. Hakuna atakayeiba maji ya sabuni. Na anayejaza apangwe kwa jina, kila darasa wiki yake, ubaoni.