Je, Stika ya Kuunga Mkono Polisi Humwepushia Dereva Faini?

ZUHURA: Mwangaluka, wasikilizaji wetu wa Tabora na popote mlipo. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Maganga, na leo tunalichukua swali lililozua ubishi mrefu wiki iliyopita mahali tunapooshea magari kule Ipuli. Dereva aliyebandika kwenye gari lake stika ya kuwaunga mkono polisi, je, trafiki akimsimamisha kwa kosa, atamwachia kwa sababu ya stika hiyo?

MAGANGA: Asante, dada Zuhura. Nianze na jibu langu ili msikilizaji asisubiri hadi mwisho. Stika ambayo mtu yeyote anaweza kuipata kwa fedha yake haimlindi dereva, labda kwa bahati tu. Pale ambapo dereva mwenye kosa huachiwa isivyo haki, kinachomwokoa ni jina la mtu anayemfahamu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuiamini stika, na nitaeleza baadaye yaliyonipata.

ZUHURA: Basi tuanzie Marekani, ambako desturi hii ina mizizi mirefu, ndipo turudi nyumbani.

MAGANGA: Huko polisi wana vyama vyao vya kutetea masilahi na vya kusaidiana. Kimojawapo ni Fraternal Order of Police, kilichoanzishwa Pittsburgh mwaka 1915, na nembo yake utaiona kwenye magari mengi. California kuna mfuko uitwao CHP 11-99 Foundation, unaozisaidia familia za askari wa barabara kuu na kuwasomesha watoto wao. Namba hiyo 11-99 ni msimbo wa redio wenye maana kwamba askari anahitaji msaada wa haraka. Wafadhili wa mfuko huo walikuwa wakipewa fremu ya kuzungushia kibao cha namba za gari, na fremu hizo zikapata sifa ya kuwa kinga dhidi ya faini, hata wasiochangia wakaanza kuzisaka sokoni.

ZUHURA: Hapo ndipo stika inapojiua yenyewe. Ikiwa kitu kinauzwa, askari anajua kwamba kinauzwa. Akiona fremu au stika hawezi kusema kama aliyeibandika ni mjane wa askari mwenzake au ni mtu aliyeinunua jana ili akimbize gari leo. Nadhani wako hata askari wanaoitazama kama dharau, kana kwamba dereva amekwisha kuomba msamaha kabla ya kutenda kosa.

MAGANGA: Lipo jambo jingine ambalo sikulifikiri hadi nilipolilinganisha na barabara zetu. Marekani, askari wa doria kwa kawaida hulifuata gari kwa nyuma, akawasha taa, dereva akaegesha pembeni. Kwa hiyo kilichobandikwa nyuma ndicho anachokiona kwanza, huku akiwa bado anatafakari kama atatoa onyo au ataandika faini. Kwetu, ukitoka Tabora kwenda Nzega au ukielekea Urambo, trafiki amesimama kando ya barabara, anainua mkono, nawe unamjia uso kwa uso. Mwenzake mwenye tochi amekwisha kukupima mwendo ungali mbali. Stika ya kioo cha nyuma ataiona ukiwa unaondoka, na wakati huo umekwisha kuandikiwa.

ZUHURA: Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kaka, usiwafanye wasikilizaji waamini kwamba Marekani hakuna anayeachiwa. Kuna zile kadi.

MAGANGA: Ndiyo, na kadi ndizo zinazonisumbua zaidi. Chama cha askari wa jiji la New York huwapa wanachama wake kadi ndogo za plastiki, nao huzigawa kwa ndugu, majirani na marafiki. Askari aliyeitoa huweza kuandika jina lake na namba ya simu mgongoni mwa kadi. Anayesimamishwa huitoa pamoja na leseni. Askari wa zamu akimwandikia faini mtu huyo, anajua kwamba amemkosea mwenzake anayetajwa pale, na kesho watakutana kituoni. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya stika na kadi: stika haina mwenyewe, kadi ina mdhamini anayeweza kupigiwa simu. Lakini hata kadi zenyewe zimefika sokoni, zimeuzwa hadi kwenye mtandao wa eBay.

ZUHURA: Na askari anayekataa kuiheshimu kadi?

MAGANGA: Mwaka 2023, askari mmoja wa usalama barabarani wa Staten Island, New York, alifungua shauri mahakamani akidai kwamba aliadhibiwa na wakubwa wake kwa sababu aliwaandikia faini watu waliomwonyesha kadi, na kwamba hatimaye aliondolewa kitengoni na kupelekwa doria ya usiku. Mwaka 2024 shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano, jiji likakubali kumlipa dola 175,000. Fikiria, dada, mtu anadai ameadhibiwa kwa kuitekeleza sheria aliyoapa kuilinda!

ZUHURA: Na New Jersey hawako mbali. Desemba 2024, ofisi ya mkaguzi wa hesabu wa jimbo hilo ilitoa taarifa iliyotokana na picha za kamera wanazovaa askari, na ndani yake walionekana madereva wakitoa kadi za namna hiyo, au wakitaja ndugu zao walio polisi, kisha wakaachiwa bila faini. Mimi ninawaheshimu wale waliozitazama picha hizo moja baada ya nyingine, kwa sababu upendeleo wa barabarani kwa kawaida hauachi maandishi. Aliyeachiwa hana karatasi, na aliyemwachia hakuandika kitu.

MAGANGA: Na pale ambapo karatasi ipo, zipo njia za kuipoteza. Mwaka 2011 huko Bronx, maofisa 16 wa polisi walishtakiwa katika sakata lililohusu, kwa sehemu kubwa, kuzifuta faini za jamaa na marafiki baada ya kuandikwa.

ZUHURA: Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu stika inayohusiana na polisi ambayo wengi wanaifahamu ni ile ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Ningependa ieleweke vizuri: stika hiyo inahusu ukaguzi wa gari, yaani breki, taa na matairi. Haisemi lolote juu ya mwendo wa dereva siku hiyo anapopita mbele ya shule.

MAGANGA: Na wako wanaotumia vitu vingine. Utaona kofia ya askari imewekwa juu ya dashibodi, au vesti inayong'aa imetandikwa kwenye kiti cha mbele, ili trafiki adhani gari ni la mwenzake. Mji wetu una wanajeshi na askari wengi, kwa hiyo mara nyingine ni kweli gari ni lao. Ila kofia haina leseni ya udereva, na mtumishi wa umma aliyezidisha mwendo amekosa kama alivyokosa muuza asali anayetoka Sikonge.

ZUHURA: Tueleze sasa yaliyokupata.

MAGANGA: Miaka kadhaa iliyopita nilichangia shughuli moja ya kijamii, nikapewa stika yenye maneno ya kuwaunga mkono askari. Niliibandika kwenye kioo cha mbele, upande wa abiria. Haikupita muda nikaona nimebadilika. Sikuamua kuvunja sheria, ila ule mguu uliokuwa ukinyanyuka wenyewe nilipoona kibao cha 50 ulianza kuchelewa. Asubuhi moja, kwenye eneo la makazi ambapo watoto wa shule huvuka, nilisimamishwa nikiwa kwenye 68. Askari alinisalimu kwa heshima, akaitazama stika, akanishukuru kwa kuwaunga mkono, kisha akaniandikia shilingi 30,000. Sikuwa na neno. Nilipokuwa nikisubiri mashine itoe kumbukumbu namba ya malipo, watoto wawili walivuka mbele ya gari langu wameshikana mikono. Fedha nilikwisha kuzisahau, lakini wale watoto bado ninawaona.

ZUHURA: Pole, kaka. Kwa maneno mengine, stika ilikubadilisha wewe, si askari.

MAGANGA: Ndivyo. Na yule askari alitenda vema kwa pande zote mbili, alinishukuru kwa lililostahili shukrani na akaniadhibu kwa lililostahili adhabu. Laiti wote wangefanya hivyo.

ZUHURA: Mimi lakini sitaki hiari ya askari iondolewe kabisa. Taa ya nyuma ikizimika saa mbili usiku kwenye pori la kuelekea Kaliua, onyo lina maana zaidi kuliko faini, na sheria haimtazamii askari awe jiwe. Ninachokidai ni kwamba onyo hilo apewe pia kijana wa bodaboda asiyemjua mtu yeyote. Mwaka 2021 Serikali ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kwa kutambua kipato cha vijana hao. Sasa itakuwaje mwenye gari kubwa aachiwe kwa sababu ya kibandiko, na huyu alipe kutoka kwenye hesabu ya bosi?

MAGANGA: Tumalizie na swali la mzee wetu mmoja wa Urambo. Amepigiwa simu na mtu asiyemfahamu, akaambiwa atume fedha ili apewe stika ya marafiki wa polisi, na kwamba akiwa nayo hatasumbuliwa njiani.

ZUHURA: Shikamoo, mzee, na usitume. Ulaghai wa namna hii ni mkubwa hata Marekani, ambako mwaka 2009 Serikali Kuu na majimbo waliendesha msako wa pamoja dhidi ya waliokuwa wakikusanya michango ya uongo kwa jina la polisi, wazima moto na wanajeshi wastaafu. Mtu anayekuahidi kwamba ukilipa hutaandikiwa faini anakuuzia upendeleo, na sheria yetu ya rushwa ya mwaka 2007 humshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Namba ya TAKUKURU ni 113, na kuipiga hakuna malipo. Ukitaka kujua kama gari lako linadaiwa, tumia namba ya usajili kuangalia kwenye mfumo wa polisi, au fika kituo cha polisi hapo Urambo, ukaulize dirishani.