Kucheza kadi, na mbona watu wakosa kusema "niko kadi"

Haya jamani, karibuni tena barazani kwetu Mombasa, leo twacheza kadi, wengine waiita poka lakini hakuna pesa hapa, mama asije akasikia vyengine. Na "niko kadi" ndiyo wasemayo kutangaza kuwa zamu ijayo waweza kumaliza kadi zako.

Kuchanganya mwajua. Kila mtu nne, zilobaki weka kati, funua moja ya kuanzia, ikiwa ya nguvu ifukie ufunue nyengine. Watupa kopa juu ya kopa, au saba juu ya saba, na ukiwa na saba mbili watupa zote kwa mpigo. Huna? Okota moja. Twende.

Za nguvu sasa. 2 yamlisha mwenzako mbili, yaani aziokota, 3 yamlisha tatu, na joka, ile kadi ya joker, wallahi hili ni joka kweli, aokota tano. Ukilishwa nawe ukiwa na ya kulisha, itupe juu yake, mzigo wamwendea wa mbele, au tupa A ukate. J yamruka mtu, K yageuza mchezo urudi ulikotoka. Ikiwa hujalishwa, A yaagiza aina uitakayo, uru, pau, shupaza, ila mimi yangu naificha mpaka mwi... shika shika, upepo! Hiyo moja iko chini ya mkeka. Aa, A ya pau, si nishaiona sasa, na watu wa video pia washaiona, pole binamu. Weka kikombe juu ya hizo.

8 na Q ni maswali. Ukiuliza wajijibu mwenyewe papo hapo, kadi ya aina ile ile, au uongeze swali jengine kisha ulijibu hilo. Huna jibu, okota.

Sasa hapa tulieni. Kamera, sogea. Nikoneshe mkono wangu: 8 ya kopa, Q ya kopa, 5 ya kopa. Ni tatu, sivyo? Nimeshafika! Swali, swali, jibu, nimemaliza kwa zamu moja. Kwa hiyo nasema NIKO KADI saa hizi, mwisho wa zamu hii, si zamu ijayo. Mimi Idi ilopita nilikuwa na mkono kama huu, nikanyamaza nikidhani mtu husema akibaki na moja tu, nikazibwaga zote kwa mbwembwe, nikarudishiwa zote na mbili za kuokota juu, mpaka leo wanicheka. Usihesabu kadi, hesabu zamu. Ukiweza kumaliza zamu ijayo, sema. Sema kwa sauti! Na ya mwisho iwe ya kawaida, 4, 5, 6, 7, 9 au 10, humalizi kwa ya nguvu.

Haya mwaona, nimesema niko kadi, zamu yako binamu, tupa chochote cha kopa tumalize vi...

Joka.

Zima kamera. Zima, naokota tano hapa.