Kugawa Mechi Si Kuleta Ushindani

Nazungumzia haki za kuonyesha mpira kwenye televisheni ya kulipia. Nimelisema hili mara nyingi, na nitalirudia mpaka watunga kanuni wanichoke: ukiritimba ukiukata vipande viwili, unapata wakiritimba wawili.

Ya Uingereza mnayajua. Tume ya Ulaya iliibana Premier League isimuuzie mnunuzi mmoja kila kitu. Mechi 138 za mubashara kwa msimu zikafungwa vifurushi sita vya mechi 23. Kuanzia 2007 kampuni ya televisheni ya kulipia ya Sky ikawa na vinne, mshindani wake Setanta viwili. Bei ya haki za misimu mitatu ikapanda kutoka pauni bilioni 1.024 hadi bilioni 1.706. Na shabiki? Alizoea kulipa mahali pamoja, akaanza kulipa mahali pawili.

Tupige hesabu. Tuseme bei ikiwa sifuri wanakuja watazamaji 120, na kila pauni unayoongeza inamwondoa mmoja. Mwenye mechi zote atatoza 60: wateja 60, mapato 3,600. Sasa wagawieni wawili, huku shabiki akizitaka zote. Mtaniambia kila mmoja atatoza 30. Thubutu! Mmoja akipandisha hadi 45, wateja wanashuka kutoka 60 hadi 45, lakini mapato yake yanatoka 1,800 hadi 2,025, maana anayekimbia anamkimbia na mwenzake, na hasara wanagawana. Mwenzake naye si mjinga. Wanatulia kila mmoja kwenye 40. Shabiki analipa 80, wateja wamebaki 40, na wauzaji kwa pamoja wanaambulia 3,200. Hata wao wameumia!

Najua yupo atakayesema shabiki achague kifurushi kimoja. Achague vipi, timu yake ikicheza Jumamosi huku, Jumatatu kule? Hiki ni kiatu cha kushoto na cha kulia, jamani, si sukari ya duka hili na ya duka lile.

Ushindani ni mechi ileile kuuzwa na wawili. Mwaka 2010 Ofcom, msimamizi wa utangazaji wa Uingereza, iliilazimisha Sky kuwauzia washindani wake chaneli zake za Sky Sports 1 na 2 kwa bei ya jumla, nao wawauzie wateja wao. 2015 ikaliondoa sharti hilo. Kazi iko kwenye kupanga bei hiyo ya jumla. Anza na bei ya rejareja, toa gharama halisi za muuzaji: ving'amuzi, huduma kwa wateja, matangazo. Ukitoa kidogo mno, mshindani anayenunua hapati faida. Ukizidisha, hakuna atakayepanda dau kwenye mnada wa haki za mechi, maana atalazimika kuwauzia wenzake kwa bei ya chini.

Naona naonyeshwa saa. Orodha ya michezo inayolindwa, yaani ile mikubwa isiyotakiwa kufichwa kwenye televisheni ya kulipia, basi, kwa haraka: sheria inataka chaneli ya bure ipewe nafasi ya kununua, haiilazimishi kununua. Na chaneli ikijua haina mpinzani, dau lake linakuwa dogo.