Vitundu vya Mwamba na Njia za Mvuke
Mhadhara kwa wananchi na wanafunzi, Nakuru

Wazee wetu, kina mama, wanafunzi mliotoka Njoro na Naivasha, asanteni kwa kuja.

Uchimbaji wa visima vya mvuke ulianza hapa Menengai mwaka 2011. Kule Olkaria, ambako pia ni kaunti yetu, mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke, wa megawati 15, uliwashwa 1981. Kwamba kuna joto chini yetu, hilo halina mjadala. Mjadala ni wa mwamba wenyewe: je, unaruhusu maji na mvuke kupita hadi kisimani? Leo nitaeleza jinsi picha za eksirei za mawe zinavyosaidia kulijibu swali hilo, na pale zinapokosea.

Nimekuja na mawe mawili. Hili mnalijua, ndilo jiwe jepesi la volkano tunalosugulia visigino. Hili jeupe ni daiatomaiti ya Kariandusi, pale karibu na Gilgil, nalo limeundwa na magamba ya mwani mdogo mno aliyezama katika ziwa la kale. Yote mawili yana uwazi mwingi ndani, lakini uwazi peke yake hautuambii kitu. Daiatomaiti hupitisha maji polepole kwa sababu vitundu vyake ni vidogo kupita kiasi. Hili jingine huelea, na ni rahisi kudhani kwamba vitundu vyake vimezibwa vyote. Mwaka 2017 watafiti wa California walilipiga picha kwa eksirei likiwa na maji ndani. Walikuta maji yameingia, ila yamezingira mapovu ya hewa na kuyanasa. Hayo usingeyajua kwa mizani. Na ndivyo mafuta nayo yanavyonaswa katika miamba, hata sehemu kubwa ikabaki chini baada ya kusukumwa kwa maji.

Picha hizo hupatikanaje? Mwanafizikia Mjerumani, Röntgen, aligundua eksirei mwaka 1895, lakini picha ya eksirei ya kawaida ni kivuli tu, mambo ya mbele na ya nyuma yamelaliana. Mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kushughulikia hesabu ya kuvitenganisha vivuli hivyo akiwa Cape Town miaka ya 1950. Mhandisi Mwingereza, Godfrey Hounsfield, akaunda mashine, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London mwaka 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Hospitalini mashine humzunguka mgonjwa. Katika maabara za miamba, mara nyingi jiwe ndilo linalozungushwa, linapigwa vivuli mia kadhaa au maelfu, kisha kompyuta inavirudisha kuwa umbo la pande tatu lililojengwa kwa vijichemraba viitwavyo vokseli. Jiwe la upana wa milimita 2, likipigwa kwa vokseli za mikromita moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), hutoa vokseli 2,000 kila upande. Hizo ni bilioni 8.

Kijana pale ameuliza kwa nini tusiweke jiwe kubwa zaidi. Swali zuri. Tunaweza, lakini ukikuza jiwe, vokseli nazo hukua, na vitundu vidogo vinapotea machoni. Daiatomaiti hii ina vitundu vilivyo chini ya mikromita moja, kwa hiyo kwake tunatumia darubini ya elektroni.

Sasa naomba tukae kidogo mahali ambapo kazi hii huharibika. Kila vokseli ina kivuli chake cha kijivu. Hewa ni nyeusi, madini ya piraiti yenye chuma yanang'aa, madini ya kwatzi na feldspa yanakaribiana hadi huzitofautishi kwa urahisi. Lazima mtu aamue, mwenyewe au kwa programu, kijivu kipi ni jiwe na kipi ni kitundu. Vokseli iliyo nusu jiwe nusu hewa itakwenda upande gani? Ukisogeza mpaka huo kidogo tu, kiasi cha vitundu hubadilika kidogo, lakini upitishaji, yaani urahisi wa maji kupita ndani ya jiwe, unaweza kubadilika vibaya sana. Maji hupita kwenye vishingo vyembamba vinavyounganisha vitundu, na katika bomba jembamba, ukipunguza kipenyo kwa nusu huku msukumo ukibaki uleule, mtiririko hupungua mara 16. Ndiyo maana siamini tarakimu ya upitishaji iliyotolewa kwenye picha bila maelezo ya mpaka huo ulivyochaguliwa, na bila kipimo cha maabara kando yake. Mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, alipitisha maji kwenye mchanga huko Dijon na kuchapisha kanuni yake ya upitaji wa maji mwaka 1856. Kipimo cha namna ile bado ndicho kinachoisahihisha kompyuta.

Visima vya mvuke havitoi miche mirefu ya mwamba, yaani vipande vizima vya mviringo, kila mara, kwa kuwa kuikata ni ghali. Kinachopanda juu kwa wingi ni chembechembe zilizosagwa na keekee. Kwa mashine hizi, chembe ya milimita chache inatosha, na inaonyesha vitundu vilivyojazwa madini ya kalisaiti au kwatzi na vilivyobaki wazi. Nawasihi vijana mtakaofanya kazi visimani: kila mfuko uandikwe kina chake, ukauke, utunzwe. Haiwezekani kurudi kuichukua sampuli ileile.

Ila chembe haionyeshi ufa mkubwa, kwa sababu mwamba huvunjikia penye ufa. Na katika trakaiti, miamba ya volkano, za Menengai na Olkaria, mvuke hutegemea sana nyufa na mipaka kati ya tabaka moja la lava na jingine. Basi picha isomwe pamoja na majaribio ya kisima. Picha ikisema mwamba umefunga, na kisima kinatoa mvuke kwa nguvu, ujue mvuke unapita kwenye nyufa, na kisima kinachofuata kielekezwe kuzikata nyufa hizo.