Kusoma Cheti cha Dawa za Macho Bila Kukisia

Haya wadogo zangu wa kliniki ya macho, karibuni tena Ngamiani. Kunawa mikono, jina la mgonjwa, tarehe ya dawa kuisha: hayo mnayajua, twende.

Sogeza kamera kwenye cheti. Imeandikwa "Timolol 0.5% OD BD". Timolol, au timololi, ni dawa ya kushusha presha ya jicho. Kwenye vidonge, OD ni mara moja kwa siku. Kwenye macho, OD ni jicho la kulia, OS la kushoto, OU yote mawili. Kwa hiyo hapa ni jicho la kulia, kutwa mara mbili. Ukikuta OD peke yake, usikisie. Narudia, usikisie! Mrudie daktari, hata akikununia. Mimi napenda RE, right eye, jicho la kulia, na LE, left eye, la kushoto, hazina utata. Na mgonjwa akikukabili, kulia kwake ni kushoto kwako.

Timololi hiyo, uliza kwanza: una pumu? Tone huteremka puani, huingia kwenye damu, kifua kikabana. Ndiyo maana ukishadondosha unabonyeza kona ya ndani ya jicho, kando ya pua, kama dakika mbili.

Ah! Feni imepeperusha cheti. Zima feni. Joto hili la Tanga nalo... haya, tuendelee.

Vifuniko vya chupa: chekundu hupanua mboni, mfano tropikamidi, kijani huibana, mfano pilokapini, pinki ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Viwanda vingine havifuati rangi hizi, soma lebo. Steroidi msimpe mtu kwa sababu eti ilimsaidia jirani. Hupandisha presha ya jicho, na kidonda cha konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kinaweza kuharibika zaidi.

Sasa kudondosha. Vuta ukope wa chini, mgonjwa atazame juu. Ncha ya chupa isiguse kope. Isiguse! Ona, hapo nimesogea mno, narudi nyuma. Ikigusa, vijidudu vimeingia chupani. Tone moja latosha, la pili linaishia shavuni. Dawa nyingine? Subiri dakika tano. Ya mafuta iwe ya mwisho.

Aliyepanuliwa mboni asiendeshe bodaboda kwa saa kadhaa. Jua la saa nane pale Raskazone litamtoa machozi bure, avae miwani.

Ukifungua chupa, andika tarehe. Nyingi hutupwa baada ya siku 28. Stika hizi za tarehe nauza mwenyewe, wino wake hauchujuki kwa jasho. Mkitaka, niandikieni hapo chini, za kijani zimeisha.